Mtumbwi wa Mwakiro Haukujengwa kwa Pombe

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo habari za kazi, nami nikakataa. Nilisema macho yangu yamekwisha kwa vumbi la mbao na mikono imezoea nyundo kuliko kalamu. Nilikuwa nadanganya. Tangu nipate cheti cha shule ya jioni, nikiwa mama mwenye wajukuu, hamu ya kuandika haijanitoka. Hata nikimwandikia mtoto vitu vya kununua sokoni naweka utangulizi na hitimisho. Nilikataa kwa sababu nilijua nikianza nitakasirika.

Sasa nimeshakasirika, kwa hiyo naandika. Juzi nilipita karakanani Magarama kuwasalimu, nikamkuta mmoja wenu (namjua, naye anajijua) anamwambia mteja aliyetoka mbali kabisa, kaskazini kwenye maziwa: "Papa, mitumbwi yote iko sawa. We chagua tu rangi."

Rangi! Nusura nimrushie kiatu. Nilikirudisha mguuni kwa ajili ya yule mzee mteja tu, maana hakuwa na kosa. Basi someni.

Nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima, nimekulia Tanzania kwenye makazi ya wakimbizi, najua kulima tumbaku na kuimba kwaya, basi. Gitega sikuona shamba la tumbaku, na kwaya hailishi mtu. Jirani akanielekeza kwa Fundi Shabani, Mwislamu wa pale mjini, mtu mfupi mwenye mabega mapana hata mlangoni alipita kwa ubavu kama kaa. Baba yake alijenga mitumbwi kule ziwani, Rumonge. Yeye akaipandisha kazi ile milimani, akaiweka Magarama, mahali ambapo maji yaliyo karibu nawe ni yale ya kwenye birika la chai.

Nilimkuta amekaa juu ya gogo, ana misumari mdomoni. Hakuniuliza shule wala cheti.

"We mama, iko unajua kuogelea?"

"Sijui, Fundi."

"Hata kidogo?"

"Hata beseni likijaa naliogopa."

Akatoa misumari mdomoni. "Bon. Kazi umepata. Mi sitaki hapa mtu anajua kuogelea. Huyo atajenga ovyo, atasema, ikizama nitaogelea."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Siku hizi nasikia mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kalafati, yaani kuziba. Unasokota pamba, unaichovya kwenye mafuta ya mawese, unaishindilia kwa patasi butu katika ufa wa kila ubao na mwenzake, halafu unamwagia lami ya moto juu yake. Ukiisikia hivyo unadhani ni kazi ya kuziba mdomo wa chupa. Fundi Shabani alinikalisha kwenye ufa mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipodhani nimemaliza, aligonga mara moja akasema, "Haijashiba." Nikashindilia tena. "Haijashiba." Nililia machozi ya kujaza mtumbwi mwingine. Mwisho nyundo yangu ikatoa sauti nyingine kabisa. Mwanzo ilikuwa kama mtu anapiga godoro, sasa ikalia kama inagonga jiwe. Fundi alikuwa kwa mchoma nyama ng'ambo ya barabara, akapaza sauti kutoka huko huko: "Sasa imeshiba! Njoo kula na wewe!"

Ninyi mnaziba huku mmeweka muziki masikioni. Mtaisikia na nini?

Nilimuuliza mapema kwa nini amejenga karakana ya mitumbwi Gitega, kati ya milima. Akanijibu kwamba hapa tuko mbali sawasawa na maji yote ya nchi hii, kwa hiyo mtu wa ziwani hawezi kusema tunampendelea mtu wa mtoni. Sijui kama alikuwa anatania. Majirani hawakuhitaji jibu. Walinipa jina la Mama Nuhu wiki ile ile, na kila mawingu yakikusanyika kuna mtu atapaza sauti kutoka dukani: "Mama Nuhu! Mvua iko inakuja lini? Mi naweza kuingia na mbuzi yangu?" Nilikuwa nawajibu kwamba mbuzi ataingia, wao tutaangalia.

Lakini majirani hao hao walikuwa sehemu ya kazi. Hili nataka mlishike vizuri, maana nasikia mmeanza kuliona ushamba. Kwa kuwa hatukuwa na mto wa kujaribia, tulijaribu mtumbwi kinyumenyume. Tuliulaza kwenye kitanda cha mchanga ili mbavu zisifunguke, kisha tukaujaza maji ndani. Pasipozibwa vizuri maji yanatoka nje, unaona kwa macho yako, unaweka alama ya mkaa. Maji yalikuja na watu wa Magarama: mabidoni, yaani madumu, vichwani, mabidoni kwenye baiskeli, mwanamke mmoja mjamzito alileta na sufuria. Mtumbwi ukishajaribiwa wanayachota tena maji yao, wa kufyatua matofali wanafyatua, wa kufua wanafua. Mwalimu wangu wa fizikia shule ya jioni alisema jaribio letu ni zuri lakini si sawa na mto, maana mto unasukuma kwenda ndani na sisi tunasukuma kwenda nje. Ni kweli. Nilimpelekea Fundi maneno hayo, akafikiri, tukaanza kuujaza nusu kwanza na kuukagua, ndipo tuujaze wote. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake, na mambo yakawa mazuri. Siku hizo kusikilizana kulikuwa hakujapigwa marufuku.

Sasa kuhusu hilo la "yote iko sawa". Wavuvi wa maziwa ya kaskazini wanataka mtumbwi mwembamba, mwepesi, ambao watu wawili wanaubeba begani mpaka nyumbani usiibiwe. Ule tuliumalizia Muyinga, kwenye banda letu nyuma ya wauza mbao, kwa sababu ukiutoa Gitega mzima kwenye kamyo, yaani lori, unafika umejikunja kama ndizi. Wakata mafunjo wa kwenye mabonde wanataka kitu kifupi, bapa, kisicho na mkuku, ule uti wa chini, kabisa, kinachoteleza juu ya tope. Mtumbwi wa kuvusha ng'ombe una sakafu iliyotiwa vipande vya mbao vya kukanyagia, maana ng'ombe akiteleza anakaa upande mmoja, na ng'ombe akikaa upande mmoja ninyi nyote mnahamia upande huo. Walinzi wa mbuga walitaka wa kuhesabia viboko, nikawawekea ubao mnene mbele. Mmoja akaniuliza kama kiboko ataweza kuutoboa, nikamwambia ataweza, ila atachelewa. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa chumvi, mnene kuliko kanisa la parokia, ambaye tulimjengea mtumbwi kwa kumpima yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye mchanga. Alama ya makalio yake tuliihifadhi muda mrefu. Tungeweza kufugia samaki mle.

Kesi ngumu kuliko zote ilitoka Ryansoro. Bwana mmoja alichimba bwawa la samaki, akataka mtumbwi wa kwendea kulisha. Fundi akanituma, maana hiyo ilikuwa sheria yetu: hujengi kabla hujakaa kando ya maji yenyewe siku yenye shughuli, ukaona nani anapanda na anabeba nini. Nikaenda Ryansoro. Nikakuta bwawa ambalo mtumbwi ukiingia unagusa ukingo wa huku, na bado hujamaliza kugusa ukingo wa kule.

"Baba," nikamwambia, "huu hautageuka."

"Mi siko nataka ugeuke. Mi nataka uende na urudi."

Nilirudi Gitega nimekasirika njia nzima. Fundi Shabani alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha tukamjengea mtumbwi wenye mbele mbili. Ukifika ng'ambo huugeuzi, unageuka wewe mwenyewe kwenye kiti, unaanza kupiga kasia. Yule bwana alifurahi hata akatuletea samaki wa kwanza wa bwawa. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa kidole changu, tukamgawana watu wote wa karakana.

Haya nawaeleza mjue tulikuwa karakana ya namna gani kabla ya bosi mpya, Patroni Dezire.

Fundi Shabani alipochoka magoti, akauza karakana. Aliyeinunua alikuwa Dezire, mfanyabiashara mwenye kicheko kizuri na simu mbili, mtu asiye na ubaya wa moyoni. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hasira yangu haihitaji kumsingizia. Alichokosa ni kuogopa. Hakuwahi kukaa kando ya maji akaogopa. Kwake mtumbwi ulikuwa kitu kizuri chenye umbo refu. Akauza mmoja kwa mwenye hoteli, ukajazwa udongo na maua. Mwingine ukawa meza ya baa. Nilisaga meno, lakini maua hayazami.

Ndipo ikaja komande, yaani oda, ya Mwakiro.

Kikundi cha kina mama wakulima wa kule Mwakiro, mkoa wa Muyinga, walikuwa na mashamba ng'ambo ya mto. Kiongozi wao aliitwa Generoza. Na yeye alikulia Tanzania kama mimi, kwa hiyo tulipokutana tulisemezana Kiswahili cha kule mpaka wenzake wakatucheka. Nikakaa naye ukingoni siku ya palizi. Walivuka kwa gogo kuukuu lililochongwa zamani, mmoja anapiga kasia, mmoja anachota maji kwa kopo mwanzo wa safari hadi mwisho, wengine wamesimama wameshikana viuno. Mamba walikuwa wamelala kule kwenye mchanga kama watu waliolipwa kusubiri.

"Dada yangu alikuwa anachota," Generoza akaniambia. Alisema huku anaangalia maji. "Siku hiyo maji yaliingia kuliko kopo. Wenzake waliogelea. Yeye alikuwa amejifunga mzigo wa maharage."

Kisha akanigeukia: "Usitujengee mzuri, Mama Spesi. Tujengee usioingiza maji."

Nilirudi Magarama nikaujenga mtumbwi ule kama najenga nyumba ya mama yangu. Mbao za mvule chini, mataruma, yaani mbavu za ndani, ya mkaratusi yaliyopindwa kwa moto, mpana katikati ili watu wakae badala ya kusimama. Kalafati niliifanya kwa mkono wangu ufa kwa ufa, ingawa wakati huo nilikuwa na vijana wa kufanya. Tukaujaza maji. Halikutoka hata tone la kumnywesha kuku. Tukayamwaga, tukauacha ukauke, nami nikaitwa Muyinga kumalizia mitumbwi ya wavuvi.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichoona ni nyuki.

Walikuwa wanazunguka juu ya mtumbwi wa Mwakiro kama umekuwa mzinga. Nyuki hawapendi lami. Nikasogea. Ndani na nje ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, inang'aa, na harufu iliyotoka mle haikuwa harufu ya lami wala ya rangi. Ilikuwa ya ndizi mbivu. Nikapitisha kiganja ndani: laini. Lami yangu haipo. Nikatia ukucha kwenye ufa, ukucha ukazama kama kwenye mkate.

Bosko, yule fundi wa misumari mnayemjua, alikuwa anajifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Bosko, nani amegusa mtumbwi huu?"

"Mama Spesi, mi sikukuwa."

"Sijakuuliza kama ulikuwepo. Nimekuuliza nani."

Akanieleza yote kwa pumzi moja. Rafiki wa Patroni alikuwa anaoza mtoto wake. Wageni wengi, na yule rafiki akataka pombe ya ndizi ikae katika chombo kimoja kikubwa ambacho wageni hawajawahi kukiona. Kila mtu kwetu anajua pombe ya ndizi inakamuliwa na kulala katika umuvure, lile gogo refu lililochongwa kama mtumbwi. Patroni akatazama mtumbwi wa Mwakiro, akaona umuvure mkubwa kuliko yote ya mkoa. Shida ikawa lami, maana pombe ingekuwa chungu. Wakaikwangua yote. Pamba za juu zikatoka na lami. Pombe ikaanza kuvuja harusini, wapishi wakakimbia jikoni wakaja na ugali wa muhogo, wakaziba nyufa zote kwa ugali. Ukakauka vizuri. Baada ya harusi wakauosha, wakapaka rangi juu.

Ugali. Nimefanya kazi na pamba, na mkonge, na siku moja ya shida kubwa na nta ya mishumaa. Sijawahi kuona mtu anapeleka watu katikati ya mamba wamezibiwa mtumbwi kwa chakula cha mchana.

Nikamfuata Dezire ofisini. Sikubisha hodi.

"Patroni, ule mtumbwi hauendi Mwakiro."

"Mama Spesi, kaa kwanza. Maji ya kunywa?"

"Hauendi."

"Kamyo iko inakuja kesho asubuhi, wale mama nao iko wanakuja. Mtumbwi ulishajaribiwa, we mwenyewe uliujaribu. Sasa iko na rangi mpya, tena bure! Wao wataona nini?"

"Wataona maji miguuni, Patroni. Halafu hawataona kitu."

Kicheko chake kikapungua kidogo. "We unapenda kuongeza chumvi sana. Kila mtu anajua."

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Maisha yangu yote nimeongeza chumvi. Mvua ikinyesha mimi husema ni gharika, mtu akinikanyaga nasema amenivunja mguu. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mtu nikisema jambo bila kuongeza hata punje, naye anacheka kwa mazoea. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike, nilitoka safari. Akaniambia pia kwamba karakana ni yake, na akikuta mtu anamwaga maji kwenye mtumbwi uliopakwa rangi, huyo asirudi.

Asubuhi kina mama wa Mwakiro walifika na kamyo, wanaimba, wamevaa vitenge vya sare, wengine na watoto mgongoni. Dezire aliwapokea mlangoni na soda. Mimi nilikuwa nimeshapita nyumba kwa nyumba Magarama tangu alfajiri, na sikuhitaji kueleza sana. Nilisema tu, "Leteni maji." Wakati Generoza anapewa soda, mabidoni yalikuwa yanaingia kwa mlango wa nyuma.

"We! We! Nani amewaita hawa?" Dezire akapiga kelele.

"Mama Nuhu ametuita," mwanamke mmoja akajibu huku anamwaga. "Leo mvua imekuja."

Nikamwambia Generoza aje asimame karibu nami. Aliona uso wangu, akaweka soda chini. Maji yakapanda mpaka kwenye taruma la kwanza. Kwa muda hakukuwa na kitu, na nitawaambia ukweli, hapo nilianza kujishuku, maana ugali ule ulikuwa umekauka kweli kweli. Kisha chini, karibu na mkuku, kikatokea kimstari cheupe. Kikafuata kingine. Nyufa zote mbili za ubavu zikaanza kutoa maji meupe mazito, yakachuruzika juu ya rangi ya kijani mpaka mchangani. Mtumbwi ulikuwa unanyonyesha.

Wimbo ukakatika. Generoza akainama, akagusa yale maji meupe, akayanusa, akayaonja.

"Muhogo," akasema. Akaonja tena. "Na pombe. Tena pombe mbaya."

Mtu mmoja akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka, akanyamaza. Generoza akamgeukia Dezire. Nilidhani atapiga kelele. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anauliza bei ya vitunguu:

"Baba, wewe ungempandisha mama yako humu?"

Dezire akaanza kusema habari za rangi nyingine, za kupunguza bei, za mtumbwi mwingine uliokuwa tayari pembeni, mzuri vile vile.

"Sijauliza hayo. Nimeuliza mama yako."

Nampa haki yake: hakudanganya. Alitazama yale maji meupe muda mrefu, uso ukambadilika, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona mto. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Spesi, fanya vile unajua." Na habari ya mimi kutorudi haikutajwa tena.

Kina mama waligoma kuondoka. Wakamwambia mwenye kamyo arudi wakati mtumbwi utakapokuwa mtumbwi. Walilala kwenye maranda ya mbao, wakapika uani, wakaimba mpaka wenye maduka wakaleta viti. Mchana walichokonoa ugali kutoka kwenye nyufa kwa vijiti na pini za nywele, na kila ufa ukiwa mweupe bado walinirudishia mimi niukague, kana kwamba mimi ndiye niliyeoza binti.

Fundi Shabani alisikia. Akaja kwa miguu, magoti mabovu hivyo hivyo, na patasi yake butu mfukoni mwa kanzu. Alisimama mbali na mtumbwi.

"Mi siwezi kugusa hii na pombe ndani," akasema. "Tuoshe kwanza. Mara nyingi."

"Mzee," Generoza akamwambia, "hata sisi wa kanisani tutauosha. Pombe ile ingekuwa nzuri tungejadiliana."

Mzee akacheka. Tukauosha pamoja, yeye anahesabu, wao wanamwaga. Kisha akaketi kwenye ufa wa chini, ule ulioanza kutoa maziwa, nami nikaketi wa ubavuni, tukapiga nyundo siku nzima. Kila mara aliinua kichwa na kusema, "Haijashiba," kwa ufa wangu! Mimi, niliyekaribia kustaafu! Nikashindilia. Alisema kweli.

Mwisho ukashiba wote. Tukapika lami, tukaupaka mweusi ndani na nje, rangi ya kijani ikafia humo. Majirani wakaleta maji tena. Mchanga chini ya mtumbwi ulibaki mkavu.

Siku ya kuushusha mtoni nilikwenda nao mpaka Mwakiro. Dezire alikuja na gari lake, amevaa tai, na nilifurahi kumwona, kwa kweli. Lakini alikuwa ameandaa hotuba. Alisimama ukingoni akaanza habari za maendeleo, na ushirikiano, na karakana yetu inayojenga kila aina ya chombo. Kina mama walisikiliza sentensi mbili tatu kwa heshima. Kisha mmoja akaweka jembe lake ndani ya mtumbwi. Mwingine akaweka mbegu. Generoza akanishika mkono: "Mama Spesi, panda, jua linapanda." Nikapanda, mimi nisiyejua kuogelea, nikashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili hadi nadhani ubao ulilia. Tukaondoka Patroni bado anaongea. Nilimsikia akifika kwenye "na mwisho kabisa" tulipokuwa tayari katikati ya mto.

Mbele yangu alikaa mwanamke kijana, jina lake sikulijua, na mtoto wake mgongoni amelala. Alitazama chini ya mtumbwi. Akanitazama mimi. Akafungua kitenge taratibu, akakitandaza juu ya mbao, akamlaza mtoto pale sakafuni, kati ya miguu yake na majembe. Aliyekuwa na kasia akapiga kasia. Mimi sikuangalia mto wala mamba. Niliangalia kona za kile kitenge njia nzima.

Tulipofika ng'ambo alimwinua mtoto, akapitisha mkono chini ya kitenge, akakipapasa pande zote. Kikavu. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe lake, akapanda ukingo kwenda kulima, bila kunigeukia wala kuniambia asante.